Sauti Ipite Kwanza

Kidoti alijibu kabla hajaulizwa.

Alikuwa amekaa juu ya zulia, mgongo ameuegemeza kwenye kabati la vyombo, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa kwenye bakuli. "Nimeshakula," alisema, "na nimemaliza." Ndipo sauti ya mama yake ikatoka kwenye simu: "Umekula, mwanangu? Umemaliza?"

Baba yake, aliyekuwa mezani akichuna waya, alicheka. Alidhani mtoto ameyazoea maswali ya mama yake, maana yalikuwa yale yale kila siku. Bibi, mama mzazi wa huyo baba, hakucheka. Aliinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchambua, akamtazama mjukuu wake, kisha akayarudisha kwenye sinia.

"Huyu mke mwenzangu," alisema, "siku hizi ana haraka."

Hilo ndilo lililotangulia, na halikumtisha mtu.

Mama yake Kidoti aliondoka mtoto akiwa bado anatambaa. Alikwenda nchi ya mbali kumlea bibi kizee aliyepooza, kwa mkataba, na mkataba ulikuwa haujaisha. Mwajiri wake hakutaka kamera ndani ya nyumba yake, kwa hiyo picha hazikuwapo. Kila alasiri, kizee akilala, yeye alijifungia katika chumba cha kufulia nguo na kupiga simu ya intaneti. Kwa Kidoti, mama hakuwa na uso wala mikono. Picha yake ilikuwa ukutani, lakini picha haisemi, na mtoto aliipita kama alivyoipita saa ya ukutani. Mama alikuwa sauti.

Na sauti yenyewe ilifika vipande vipande.

Sababu aliijua vizuri baba mtu, ambaye jengo zima lilimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyeuweka mtandao wa jengo hilo. Laini moja iliingia kutoka barabarani mpaka kwenye kabati chini ya ngazi, na ndani ya kabati kulikuwa na ruta. Wapangaji wote walipita hapo: filamu zao, masomo yao, mpira wa kinyozi wa ghorofa ya chini. Kila kinachosafiri kwenye intaneti hukatwa vipande vidogo, na vipande vikizidi upana wa laini, ruta huvipanga foleni. Foleni hiyo ilikuwa ya kawaida, aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kutoka. Ni haki, ila si kila kipande kinajua kusubiri. Filamu ikichelewa hujikusanya, kisha ikaendelea. Sauti ya mtu haina subira hiyo. Kipande cha neno kikichelewa hakina kazi tena, maana neno linalofuata limeshasemwa. Simu hukitupa, na katika pengo lililobaki hupachika mvumo wa kubahatisha ili sikio lisishtuke.

Hivyo mama akisema, "Nimekukumbuka mwanangu, jana nimekuota," Kidoti alisikia, "Nime... bu... nangu... ota."

"Mama anakula maneno," mtoto alimwambia bibi yake, wakacheka. Lakini siku moja alipoitwa kwenye simu hakutoka chini ya meza.

"Sitaki. Mama mbovu."

Upande wa pili kukawa kimya, na Fundi hakujua kama laini imekatika au mkewe amelisikia neno hilo likiwa zima.

Alasiri ile ile aliteremka akafungua kabati. Alijua njia zilizopo. Angeweza kuipa kila aina ya mzigo zamu yake, na sauti ingepata nafuu kidogo. Angeweza kuitanguliza sauti, lakini akaiwekea kikomo. Mwalimu wake wa ufundi alilishikilia sana hilo la kikomo. Alikuwa akisema, "Anayetangulizwa bila kikomo atawaua wenzake kwa njaa." Fundi aliandika utaratibu mpya, akafika kwenye mstari wa kikomo, akasita. Kikomo maana yake ni kwamba siku jengo zima likishika simu kwa pamoja, atakayekatwa huenda akawa mkewe. Akaukumbuka ule ukimya. Mstari ule akauruka. Hata sauti inayotoka wapi hakutaja, kwa kuwa mkewe alipiga kutoka laini yoyote aliyoipata. Agizo lililobaki lilikuwa fupi: chochote chenye alama ya sauti kipite kwanza, kila mara.

Kesho yake mama alifika mzima. Kila neno lilikuwa na kichwa na mkia. Kidoti alitoka chini ya meza akitembea kwa magoti, akaisogelea simu kama paka anavyosogelea jiko, na Fundi akasimama kwenye mlango wa jikoni akifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la ukuta, akimwambia mama yake kwamba ni vitunguu.

"Vitunguu gani?" Bibi alimuuliza. "Mimi hapa napika maji."

Siku zile zilikuwa njema, na ni vizuri zikumbukwe kuwa zilikuwapo. Mama mtu aliimba, mtoto akajifunza kuimba naye. Alimfundisha kuhesabu vidole, akamfundisha kufunga vifungo vya gauni kwa maelekezo tu, kama rubani anayeongozwa kutua. Ndipo ikaja ile siku ya jibu lililotangulia swali, na baada yake nyingine, mpaka nyumba ikazoea.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Kinyozi. Alimkamata Fundi kwenye ngazi, mkasi bado mkononi.

"Fundi, nisikilize. Mimi na shemeji hatuna ugomvi. Lakini akianza kuongea na mtoto, wachezaji wangu wanaganda uwanjani kama nguzo. Jana mtu nimemnyoa nusu kichwa, akainuka na shuka shingoni, anasema anakwenda kumalizia mpira kwa mwingine."

"Ni nusu saa tu kwa siku, ndugu yangu. Vumilia."

"Nusu saa?" Kinyozi alicheka kwa uchungu. "Kutwa nzima, Fundi! Tangu nafungua mpaka nafunga. Hivi huyo mkeo huwa anapumua?"

Fundi alicheka naye, akampiga begani, akapinda kuelekea kwenye kabati. Alasiri ilikuwa bado kufika, na mkewe, kwa saa za kule, alikuwa akimwogesha kizee. Alipakata kompyuta, akaiunganisha na ruta, akatazama foleni. Foleni ya sauti ilikuwa imejaa pomoni tangu alfajiri. Mizigo mingine yote ilikuwa imesimama nyuma yake, haisogei. Akatafuta sauti hiyo inaingilia wapi. Waya wa barabarani haukuitambua, na hakuna chumba katika jengo kilichoituma. Ilikuwa inatoka tu.

Akainamisha kichwa ndani ya kabati kuangalia taa. Kulikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto, ambayo ni ya kawaida, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, tamu kidogo, ya mafuta ya nywele. Alikuwa ameinusa mara ya mwisho siku aliyomkumbatia mkewe kumuaga. Alikitoa kichwa chake kabatini polepole, akafunga mlango, akapanda ngazi bila kukimbia, kwa kuwa mtu mzima hakimbii kwa sababu ya mafuta ya nywele.

Chumbani pazia lilikuwa limevutwa. Kidoti alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda, sikio juu ya simu, akichekacheka.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mama."

"Mama hajapiga simu."

"Hajapiga," mtoto alikubali. "Yupo."

Fundi alinyoosha mkono akaichukua simu. Ilikuwa imezimika, betri imekwisha, kioo cheusi na baridi kama kigae. Hata hivyo aliiweka sikioni. Hakusikia kitu, ila ule utulivu wa laini iliyo wazi, utulivu wa mtu anayekusikiliza. Kisha ikasema, bila mkwaruzo wowote:

"Baba Kidoti. Mbona umeniondoa sikioni kwake?"

Aliidondosha. Mtoto akaiokota, akaipangusa kwa gauni lake, akairudisha sikioni.

Siku hiyo Fundi alijiambia mengi. Alijiambia kwamba betri mbovu hudanganya, na kwamba kioo kinaweza kufa huku simu ingali hai. Mtu aliyepata alichokitamani hana haraka ya kukikagua. Alasiri simu iliita kama kawaida, mkewe akaongea, akamwimbia mtoto, na Fundi akakaa karibu akisikiliza kila neno, akishindwa kupata kosa. Kesho yake akaenda kazini, kuvuta waya katika duka moja upande wa pili wa mji.

Alipofika pale simu yake ikajiunga na mtandao wa duka, na ikaanza kutetemeka juu ya kaunta kama mdudu aliyepinduka. Ujumbe uliingia mfululizo, wa juma zima, wote wa mkewe, wote ukiwa umekwama nyuma ya kitu fulani mpaka alipotoka nyumbani. *Mbona hampokei? Nimepiga tena. Kidoti anaumwa? Nimewakosea nini? Baba Kidoti, nijibu hata neno moja.*

Alimpigia kutoka ghala la duka, katikati ya maboksi. Laini ya pale ilikuwa mbovu na sauti ya mkewe ilikatikakatika, na kwa mara ya kwanza kukatika kule kulimfariji, ndiko kulikompa hakika kwamba ni yeye.

"Ni juma zi... sijasikia sauti ya mwanangu," mkewe alisema, akilia.

"Mke wangu, jana si uliongea naye? Ulimwimbia."

"Nini?"

"Jana alasiri. Ulimwimbia mpaka akalala."

Fundi alisikia maji yakichuruzika kule mbali, katika chumba cha kufulia nguo.

"Baba Kidoti," mkewe alinong'ona, "jana mimi sikuimba. Nani yuko na mtoto wangu?"

Aliacha vifaa vyake palepale sakafuni. Alipofika nyumbani alimkuta Bibi ameketi kwenye korido, nje ya mlango wa chumba, mikono mapajani. Ndani Kidoti alikuwa akiongea na kunyamaza, akiongea na kunyamaza. Fundi alimchuchumalia mama yake.

"Mama. Yule anayepiga simu..."

"Sema polepole."

"Si mke wangu."

"Najua," Bibi alisema. Midomo yake haikusogea sana. "Juzi aliniambia nivute pazia, jua linampiga mtoto machoni. Nikavuta. Nikakaa. Ndipo nikajiuliza, yeye ameliona jua hilo akiwa wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

Bibi aliitazama mikono yake. "Ulikuwa na furaha, mwanangu. Tangu aondoke sikuwa nimekuona hivyo."

Fundi aliteremka tena kwenye kabati, na safari hii alikimbia. Alipakata kompyuta, akaifungua ile orodha ya maagizo, akafika mahali pale pa kikomo alipoparuka, na vidole vilipogusa kitufe cha kwanza sauti ya mkewe ikatoka kwenye spika ya kompyuta, ya chini, ya mtu aliyelala karibu, ikamwita kwa jina la faragha ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kulitamka, ikamuuliza kama anakumbuka jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, jinsi mtoto alivyokuwa akijificha chini ya meza, na ikasema, "Ukinikata, nani atamlaza? Wewe?" Na Fundi, ambaye alikuwa anajua kwamba huyu si mkewe, ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa amemsikia mkewe wa kweli akilia kwa vipande katikati ya maboksi, alikaa pale kwenye sakafu ya saruji na mkono hewani na akamsikiliza, kwa kuwa yule wa kweli alikuwa hana siku nyingi za kuongea naye na huyu alikuwa na siku zote, na harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa inatoka kabatini kwa upole kama inavyotoka kwenye mto wa kitanda, na alipozinduka alitambua kwamba amekuwa akiitikia.

Akaung'oa waya wa umeme. Taa za ruta zikafa moja baada ya nyingine. Kompyuta ikanyamaza. Katika vyumba vya juu wapangaji wakaanza kuitana na kugombana kuhusu mtandao, na Kinyozi akatukana. Fundi aliegemea ukuta, waya mkononi.

Kisha, juu ya kelele zote hizo, akamsikia mwanawe akicheka, na akinyamaza ili amsikilize mtu.

Kuanzia hapo mambo yaliharibika kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza asiyekuwapo. Ruta ilikuwa imekufa, lakini foleni ilibaki. Fundi alikuwa akisema "Kidoti, njoo ule," na mtoto hakugeuka. Muda mrefu baadaye, chakula kimeshapoa, aliinua kichwa na kusema, "Nakuja, baba," kama aliyeitwa sasa hivi. Bibi alimsimulia hadithi, na mtoto akacheka siku iliyofuata, peke yake, akiwa anavaa viatu. Maneno yao yalikuwa yakimfikia, lakini yalisubiri nyuma ya mwingine ambaye hakuwa akimaliza kuongea. Na kadiri siku zilivyokwenda yakaanza kupungua njiani. "Bibi anakula maneno," Kidoti alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Bibi ndiye aliyemleta Mpishi. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, mpishi wa shule, na kazi hii nyingine, ya kupunga majini, aliifanya kwa siri akipata nafasi. Hakuja na ubani wala kitambaa chekundu. Alikuja na mkoba wa sokoni, akaomba maji ya kunywa, akamwambia Fundi amweleze alichofanya, kwa maneno ya mtu asiyejua mitambo. Fundi akamweleza foleni, na vipande, na kikomo.

"Kwa hiyo ulisema mwenye sauti apite."

"Ndiyo, mama."

"Hukusema sauti ya nani."

"Sikusema."

"Mwanangu, sisi shuleni hata uji tunauliza, wewe wa darasa gani?" Alivua viatu, akaingia chumbani, akaketi kitandani karibu na Kidoti. Pazia lilikuwa limefungwa na jua la alasiri lilikuwa nyuma yake, jekundu. Fundi na Bibi walisimama mlangoni.

"Wewe uliyemo," Mpishi alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemuuliza mpangaji. "Umekuja na nani?"

Jibu halikutoka kwenye simu. Lilitoka ukutani, kwenye usawa wa sikio la mtoto, kwa sauti ya mama Kidoti.

"Sikuja. Nilipangwa."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba. Alisema sauti ipite kwanza. Wenzangu nyote mna miili, mnachoka, mnalala, mnameza mate. Mimi ni sauti tupu. Nani katika nyumba hii ananizidi?"

Bibi alishika fremu ya mlango. Mpishi alianza kusoma dua, na alisoma kwa muda mrefu, kwa utaratibu, akitokwa na jasho, na kile kilichomo ukutani hakikumpinga wala kumkatiza, kiliendelea tu kumsimulia mtoto habari za kuku na vifaranga wake, kwa upole, bila kuvuta pumzi, na Fundi aliyekuwa mlangoni akaona midomo ya Mpishi ikienda na akagundua kwamba kwa kitambo sasa hasikii neno lake hata moja, kwamba kisomo chote kile kimesimama mahali fulani hewani nyuma ya kuku na vifaranga, kikisubiri zamu ambayo haitafika. Mpishi naye aligundua. Alifunga mdomo, akainuka, akatoka mpaka kwenye ngazi, na huko ndiko sauti yake ilikorudi.

"Jini aliyevunja mlango namtoa hata nikiwa nakoroga sufuria," alisema, akivaa viatu. "Huyu amekaribishwa, tena akawekwa mbele ya wote. Siwezi kumwambia ametoka kwenye nafasi yake. Yuko kwenye nafasi yake."

"Hakuna njia?" Fundi aliuliza.

"Yuko aliyekaliwa nafasi yake. Mleteni mama mtu. Aongee na mwanawe mdomo kwa sikio, bila waya. Mtoto akimjibu, huyu atahama, hana atakapokaa."

"Na asipomjibu?"

Mpishi alivua miwani akaipangusa kwa pindo la nguo yake, ingawa haikuwa na uchafu.

"Asipomjibu, msinifuate tena. Nina watoto na mimi."

Mkewe aliuvunja mkataba. Alisafiri na nguo alizovaa, kwa kuwa mwajiri alilizuia sanduku lake. Fundi alimpokea kituoni, na njia nzima ndani ya gari mama yule aliongea. Aliuliza Kidoti amefika kimo gani, kama bado analala na mguu mmoja nje ya shuka, kama atamkimbilia au ataona haya. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kidogo, ilikuwa na pumzi na kikohozi ndani yake, na Fundi aliisikiliza kama mtu anayepasha mikono moto.

"Nimejizoeza nitakachomwambia," mkewe alisema, akicheka na kulia. "Tangu kule. Nimejizoeza kama mtoto wa shule."

Kwenye ngazi alikuwa bado anaongea. Ghorofa ya kwanza Fundi alisikia neno moja likiruka. Ghorofa ya pili yaliruka mengi. Alimtazama mkewe, na midomo yake ilikuwa haijasimama, na uso wake ulikuwa haujajua.

Kidoti alikuwa amekaa juu ya zulia, mgongo kwenye kabati la vyombo, mikono mitupu. Simu alikuwa ameshaiacha siku nyingi. Bibi alisimama karibu na dirisha. Mama mtu alidondosha mkoba, akapiga magoti juu ya zulia, akanyoosha mikono yote miwili, na akasema aliyojizoeza kusema. Ilionekana kwamba ni maneno mazuri. Yalimtoka na machozi, taratibu, moja moja, ili mtoto asipitwe na hata moja, na chumbani hakukusikika kitu, hata mkwaruzo, hata pumzi, ila basi la mtaani likipita na maji yakitokota jikoni. Alipoona mtoto hajibu aliyasema tena, kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akayasema kwa kupiga kelele, na ile ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa Fundi alimwona mkewe akipiga kelele kwa nguvu zake zote katika chumba kidogo chenye ukimya wa asubuhi, na alipojaribu kumwita ili amtoe nje, kwenye ngazi, alisikia koo lake mwenyewe likitetemeka bila kutoa jina.

Kidoti alimtazama yule mwanamke kwa adabu, jinsi mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mgeni. Uso ule hakuwa ameuona popote ila ukutani. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, kwenye kabati. Aliinua kidole, akakiweka mdomoni.

"Subiri," alisema kwa upole. "Mama anaongea."

Na mama yake, kwa kutojua la kufanya, akasubiri.

Alisubiri mpaka jua likaondoka dirishani. Mtoto aliinuka mwenyewe, akanawa miguu mwenyewe, akafungua vifungo vya gauni kama alivyofundishwa, akapanda kitandani. Mama mtu alimfuata akaketi chini kando ya kitanda, bila kumgusa, kwa kuwa alipomgusa mara ya kwanza mtoto alijikunja. Fundi na Bibi walibaki jikoni. Hawakuwa wakijaribu kusemezana.

Giza lilipokuwa linaingia, ndipo maneno yalipofika. Yalifika pale juu ya zulia, mbele ya kabati, mahali alipopiga magoti, ambapo sasa hapakuwa na mtu. Yalifika kwa vipande: "Ki... oti... ni mi... mama ya... nimeru..."

Mama yake aliisikia sauti yake mwenyewe kutoka chumba kingine. Aliruka akamshika mtoto mabegani, akamtikisa, akamwonyesha kule, sikiliza, sikiliza, ni mimi yule, na hakuna hata moja kati ya hayo lililotoka. Kule sebuleni vipande vilizidi kudondoka, vikipungua, mpaka ukabaki mvumo tu.

Karibu na mto, ukutani, sauti ile nyingine ilikuwa safi kabisa.

"Lala, mwanangu."

"Ndiyo, mama," Kidoti alijibu, na akafumba macho.